Majani na Magwanda

Mwishoni mwa Julai 1964 jeshi la serikali ya Kongo lilitoka Kindu bila kupigana vita vya kutajika. Bunduki lilikuwa nazo, na risasi pia. Waliolitoa walikuwa vijana ambao wengi wao walishika mikuki na mapanga, wamejifunga matawi mabichi kichwani na kiunoni, baadhi wakiwa na vipande vya ngozi ya mnyama mwilini. Walikuja wima katikati ya barabara, bila kuinama wala kujibanza, wakiitikiana kwa sauti moja jina la Mulele, kiongozi wa waasi, na maji yake: Mai! Mai Mulele! Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, waliingia Stanleyville kwa mtindo uleule. Inasimuliwa kwamba kundi lililotangulia huko lilikuwa la watu kama arobaini tu, waganga wakiwa mbele na makuti mikononi, na kambi yenye mamia ya askari ikabaki tupu.

Wanaoandika habari za vita hupita hapa mbio. Watakwambia makamanda wa serikali walikuwa wabovu, askari wamekata tamaa, na walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameondoka Kongo tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Yote ni kweli. Lakini askari mwenye bunduki haachi kambi kwa kuwa Umoja wa Mataifa umeondoka. Anaiacha kwa sababu ya kile anachokiona kinamjia. Na kile alichokiona askari wa Kindu hakikuwa fujo. Lilikuwa jambo lenye umbo, lenye mavazi yake, mwendo wake na sauti yake, na yeye, mtoto wa nchi hiyohiyo, alijua linasema nini. Watu wa Maniema, eneo la Kindu, walikuwa wamezoea tangu zamani kuisoma mamlaka kwa macho.

Tuanzie msituni, mashariki ya Kindu, upande wa Pangi na kuendelea hadi Shabunda na Mwenga. Walega wa huko hawakuwa na mfalme. Walikuwa na bwami, chama cha madaraja ambacho mwanamume alikipanda ngazi kwa ngazi, na mkewe pamoja naye, hadi wachache wakafika kwenye daraja la kindi. Kupanda kulihitaji mali, karamu na jamaa wa kukuunga mkono, lakini mali peke yake haikutosha. Mwanachama mpya alifundishwa kwa ngoma. Mwalimu alicheza akiwa ameshika kitu mkononi, kinyago kidogo cha pembe ya ndovu, mdomo wa ndege, gamba la kakakuona, na kila kitu kilikuwa na methali yake iliyoimbwa papo hapo. Vinyago vile havikuwa vya kuvaliwa usoni tu. Kimoja kilishikwa kiganjani, kingine kikafungwa mkononi juu ya kiwiko, kingine kikatundikwa kwenye uzio pamoja na wenziwe, na kingine kikaburutwa chini kwa ndevu zake za nyuzi, kila tendo likiwa na fundisho lake. Mwenye daraja la kindi alivaa kofia iliyofumwa, ikashonewa simbi na kusimikwa mkia wa ndovu kileleni. Mashati ya Ulaya yalipoanza kufika, vifungo vyake vyeupe vikang'olewa na kushonwa kwenye kofia hizo mahali pa simbi.

Tazama vifungo hivyo vizuri. Mzungu alileta shati ili limvike mtu ustaarabu. Mzee wa Kilega akachukua kifungo, akaacha shati. Mamlaka yake ilikuwa na mavazi yake tayari.

Wabelgiji walichelewa kuelewa kwamba ile "michezo" ilikuwa serikali. Walipoelewa walianza kuibana, na mwaka 1948 wakaipiga marufuku. Vinyago vikakamatwa, vikauzwa, vikafichwa. Vingi leo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, likiwemo lile la Tervuren karibu na Brussels, ambako vimewekwa nyuma ya vioo, kimoja kimoja, vimetulia. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega miaka ya 1950, ndiye aliyewaeleza wasomaji wa nje kwamba kitu hicho bila ngoma yake, bila methali yake na bila watu wenye haki ya kukitazama, ni nusu ya kitu.

Upande wa kusini, ukingoni mwa Lualaba, mamlaka ilivaa kanzu. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara wa kutoka Unguja na Tabora walifika Nyangwe na Kasongo wakitafuta pembe na watumwa, na mkubwa wao akawa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip. Walioambatana nao, wengine kwa hiari na wengi kwa kukosa njia nyingine, walijifunza Kiswahili, wakasilimu, wakavaa kanzu na kofia, wakaitwa waungwana. Nguo ilimtenga mtu anayeweza kuuza na mtu anayeweza kuuzwa. Tusiipambe historia hiyo: tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe likiwa limejaa wanawake waliokuja na mihogo na samaki, watu wa wafanyabiashara hao walifyatua risasi katikati ya soko, na David Livingstone aliyekuwapo akaandika aliyoyaona. Lakini lugha waliyoileta ilibaki, na ndiyo Kindu inayozungumza hadi leo.

Mwaka 1893 majeshi ya kikoloni chini ya kamanda wa Kibelgiji Francis Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Askari wa jeshi hilo la kikoloni, Force Publique, walivaa buluu, mshipi mwekundu kiunoni, tarbushi nyekundu kichwani, na miguu mitupu. Kofia ya mwungwana ikashushwa, tarbushi ya askari ikapandishwa. Kisha ukajengwa mji mpya, Kindu, mahali ambapo meli za kutoka Ponthierville zilikutana na reli ya kwenda Kongolo, iliyokamilika kufikia 1911. Wakauita Kindu-Port-Empain, kwa heshima ya Baron Empain, tajiri wa kampuni ya reli. Ulikuwa mji wa filimbi: filimbi ya treni, filimbi ya meli, filimbi ya kuwaita vibarua, tarumbeta ya kambini asubuhi. Watu walijifunza kusimama kwenye mstari kabla hawajajifunza kusoma.

Vita Vikuu vya Kwanza viliupeleka mstari huo mbali. Wabelgiji walikusanya wapagazi wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Katika nchi waliyoivamia walikuta ngoma ambayo pwani ilikuwa imeianzisha tangu miaka ya 1890: beni. Wachezaji wa beni walivaa sare, walikuwa na "kingi" wao, jemadari wao na daktari wao, walipiga matarumbeta ya kujitengenezea na kutembea kwa gwaride kushindana na kundi la mtaa wa pili. Marini walikuwa na majivuno yao, Arinoti ya kwao. Baada ya vita ngoma hiyo ilisambaa na watu waliorudi makwao, na Kongo iliingia kwa jina la mbeni, ikashika hadi Elisabethville kwenye migodi ya shaba. Maofisa wa kikoloni walibishana kwa miaka: hawa wanatuiga, wanatucheka, au wanafanya mazoezi? Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, hakukubali jibu moja tu, na nadhani alifanya vyema. Mtu anaweza kucheka, kuiga na kujizoeza kwa hatua ileile ya mguu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mkoloni alibuni sare nyingine, ya raia. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya sifa njema za kiraia, na mwaka 1952 ukaanza utaratibu wa kumsajili Mkongo kama mtu "aliyeendelea". Anayeomba alikaguliwa nyumbani: meza anayo? Anakula kwa uma? Mkewe anakaa naye mezani? Watoto wanalala wapi? Patrice Lumumba, waziri mkuu wa baadaye, ambaye alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi Kalima kwenye kampuni ya bati ya Symétain, mwendo si mrefu sana kutoka Kindu, kabla ya kwenda Stanleyville mwaka 1944, naye aliomba usajili huo. Kwanza alikataliwa, kisha akaupata mwaka 1954. Shati jeupe, tai na miwani vikawa alama ya karani wa Kindu, mwalimu wa Kindu, msaidizi wa stesheni. Waliobaki nje ya mlango huo waliziona alama hizo kila siku.

Chama cha MNC, alichokiongoza Lumumba, kilianzishwa Oktoba 1958. Katika uchaguzi wa Mei 1960 upande wa Lumumba ulipata viti 33 kati ya 137 vya bunge la taifa, na Maniema ilikuwa ngome yake. Vijana wa chama, waliojulikana kwa jina la Kifaransa, jeunesse, ndio waliofanya siasa ionekane barabarani, kwa kulinda mikutano, kuuza kadi na kuongoza maandamano. Uhuru ukaja tarehe 30 Juni; Januari 17 mwaka uliofuata Lumumba akauawa Katanga. Huku mashariki wengi hawakuamini kuwa amekufa, na walioamini hawakusahau.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo limelibandika jina la Kindu kwenye mitaa ya miji mingi ya Italia. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za C-119, zenye wanahewa 13 Waitalia kutoka kikosi cha Pisa, zilitua Kindu kuwaletea vyakula na vifaa askari wa Malaya waliokuwa huko chini ya Umoja wa Mataifa. Wanahewa hao hawakuwa na silaha. Mji ulikuwa umejaa askari wa Kongo waliotoka upande wa Stanleyville kwenda kupigana na Katanga iliyokuwa imejitenga, na Katanga wakati huo ilikuwa na ndege na mamluki weupe. Waitalia walikuwa mezani kwenye messi ya maofisa wa Malaya walipovamiwa. Wote 13 waliuawa. Mabaki yao yalizikwa Tokolote, kisha yakarudishwa kwao, na Pisa wakajengewa mahali pa kumbukumbu.

Sina nia ya kuwatetea waliofanya unyama ule. Ninachokitaja ni usomaji. Sare za wale marubani, ngozi yao, ndege yao yenye tumbo kubwa, vyote vilisomwa na askari kama ujumbe mmoja: askari wa miamvuli wa Kibelgiji wamerudi. Waliovaa hawakujua wamevaa nini mbele ya macho yale. Alama za Umoja wa Mataifa ziliaminika New York. Kindu, mwaka 1961, hazikumtofautisha mzungu mmoja na mwingine.

Miaka mitatu haikupita. Mwaka 1964 Gaston Soumialot, akitumwa na Baraza la Ukombozi la Taifa lililokuwa na makao Brazzaville, aliwasha moto kutokea Bujumbura. Uvira ikaanguka Mei 15, Albertville Juni, kisha msafara wa Nicolas Olenga ukapanda kaskazini kupitia Kasongo hadi Kindu. Jeshi hilo lilijiita Jeshi la Ukombozi la Watu. Watu wakaliita Simba.

Kuwa Simba kulianza kwa kuchanjwa. Kijana alikaa mbele ya mganga, wembe ukapita kwenye paji la uso na kifuani, unga wa dawa ukasuguliwa kwenye chale. Akapewa masharti. Asimguse mwanamke. Asipeane mkono na mtu ambaye hakuchanjwa. Asiibe. Asitazame nyuma. Vitani aende mbele moja kwa moja, asikwepe, apaze sauti ya Mai Mulele, na risasi itageuka maji. Kabla ya mapambano mganga alirudi na kuwanyunyizia. Katika waganga hao aliyesifika kuliko wote alikuwa mwanamke, Mama Onema, na majemadari hawakuthubutu kumpuuza.

Yasome tena masharti hayo ukiwaza jinsi kundi linavyoonekana kwa mtu aliyelala nyuma ya bunduki. Hawakwepi. Hawageuki. Hawazungumzi na watu wa kando ya njia. Wanasema neno moja wote. Majani yamewafunika mpaka huwezi kujua huyu ni mtoto wa nani. Shule ya kijeshi ingehitaji miezi mingi kuwafikisha vijana wa mtaani kwenye nidhamu ya mwili ya namna ile. Chale na masharti viliifanya kwa siku moja. Na nadharia yenyewe ilijilinda. Aliyekufa alikuwa amevunja mwiko, na ni nani wa kuthibitisha kwamba hakumgusa mtu? Ndiyo maana kifo hakikulivunja kundi, kilizidi kulibana.

Wapo waliokwisha kuyaandika haya kama ujinga wa watu wa msituni. Wamekosea, maana dawa ilifanya kazi kabisa, kwa muda na mahali fulani. Ilifanya kazi kwa sababu askari wa serikali alikuwa mtu wa dini ileile ya macho. Naye alikua akijua kuwa kuna vitu haviangaliwi ovyo, kwamba mtu aliyefungwa majani si yule wa jana. Ngoma ile ilikuwa na wachezaji na ilikuwa na mtazamaji, na mtazamaji ndiye aliyeikamilisha kwa kukimbia.

Mji ulipokuwa mikononi mwao, umbo lilianza kuoza. Wale wa shati jeupe wakatafutwa. Makarani, walimu, watumishi wa serikali, wanachama wa vyama pinzani: Kindu iliwapoteza watu wengi wa tabaka hilo katika wiki chache, na uchumi wa mji ukabaki bila mtu wa kuandika hata risiti. Stanleyville mauaji yalifanywa mbele ya sanamu ya kumbukumbu ya Lumumba, hadharani, umati ukiwa umekusanyika. Vijana walioingia wakiwa wamekatazwa kuiba na kugusa watu sasa walikuwa na mji wa kuula. Mashahidi wengi wa wakati ule, hata waliowapenda mwanzoni, wanakubaliana kwamba masharti yalilegea haraka kuliko majani yalivyonyauka.

Kisha akaja mtazamaji mwingine. Tarehe 1 Novemba 1964 msafara wa magari uliondoka Kongolo chini ya Kanali Frédéric Vandewalle wa Ubelgiji, ukiwa na wanajeshi wa Kongo, askari wa zamani wa Katanga na mamluki wa Mike Hoare waliotoka hasa Afrika Kusini na Rhodesia. Juu yao ziliruka ndege zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na Wamarekani. Siku chache tu wakawa Kindu. Simba walikuja barabarani kama walivyokuja Julai, wima, wakiimba. Lakini mtu wa Durban aliyekaa nyuma ya bunduki ya rashasha hakuona mamlaka pale. Aliona shabaha zinazotembea polepole. Wengine walipigwa risasi wakiwa kwenye mitumbwi, wakijaribu kuvuka mto kwenda ng'ambo. Hakuna kilichobadilika katika majani, wembe wala maji. Kilichobadilika ni macho yaliyoyatazama. Tarehe 24 Novemba askari wa miamvuli wa Kibelgiji wakashuka Stanleyville, na kwa waliobaki Kindu ikaanza miezi ya kisasi, ambapo chale kwenye paji la uso ilitosha kuwa hukumu.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 24 Novemba 1965, Joseph-Désiré Mobutu alitwaa nchi. Alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mkuu wa majeshi, na alijua thamani ya picha. Tarehe 30 Juni 1966 alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, yeye ambaye mwaka 1960 ndiye aliyemkamata. Maniema iliyokuwa imemlilia Lumumba kwa damu sasa ilimpata kutoka kwa serikali, akiwa amekwisha kunyolewa makali.

Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi. Mobutu alizuru China mwaka 1973 na Korea Kaskazini mwaka 1974, akaona viwanja vilivyojaa maelfu ya watu wakigeuka pamoja kama mwili mmoja. Akarudi na jambo lililoitwa kwa Kifaransa animation, nasi tuliite uchezaji wa chama. Kila shirika la umma, kila shule, kila ofisi ya mkoa ilitakiwa iwe na kikundi. Wafanyakazi walipangwa kwa saa za mazoezi. Vitenge vilichapwa uso wa rais, wanawake wakavishwa, na kiongozi yeyote aliposhuka kwenye ndege alipokewa na safu za watu waliokwisha kusimama juani tangu asubuhi. Nyimbo nyingi zilikuwa za Lingala, lugha ya jeshi na ya Kinshasa, zikiimbwa na makarani wa reli na wachimbaji bati ambao nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Wanaume walivaa abakosti, suti isiyovaliwa na tai, na tai ikakatazwa. Lile shati na tai vilivyomfanya karani awe mtu mwaka 1954, na kumponza mwaka 1964, sasa vilikuwa kosa la kisiasa.

Ukizitazama filamu za miaka hiyo utakiri kwamba zinapendeza. Wacheza ni hodari, ngoma zimechukuliwa kutoka vijiji vya nchi nzima, na hilo linauma kuliko kitu kingine, kwa sababu hatua zilizokuwa na wenyewe, na zamu yao, na methali yao, zilimwagwa zote kwenye uwanja mmoja kumsifu mtu mmoja. Mwenye bwami alilipia haki ya kucheza kwa miaka ya maisha yake. Mtumishi wa serikali ya Mobutu alikatwa mshahara asipocheza. Simba walihitaji mtazamaji anayeamini, Mobutu hakumhitaji. Kwake wachezaji na watazamaji walikuwa watu walewale, na wote walikuwa kazini. Wanawake hasa walibeba mzigo wake, kwani kuonwa na wakubwa wakati wa kucheza kulikuwa na gharama ambazo familia nyingi zilizinyamazia.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza, kwa sauti iliyokatika na machozi, mwisho wa chama kimoja. Uchezaji ule ulizimika karibu kwa usiku mmoja. Hakuna aliyeandamana kuudai urudi. Maniema ilikuwa imeshakuwa mkoa wenye jina lake miaka miwili nyuma, 1988, Kindu ikiwa makao makuu. Lakini reli ilikuwa imechoka, migodi ya bati ilikuwa imedorora tangu bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, na ofisi zilizokuwa na vikundi vya ngoma zilikuwa hazina karatasi.

Mwishoni mwa Februari 1997 vijana wengine wakaingia mjini kwa miguu. Hawa walikuwa wa AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila, ambaye mwenyewe alikuwa mkongwe wa maasi ya 1964. Wengi walikuwa watoto, makadogo, na picha iliyobaki machoni pa watu ni mabuti yao ya mpira, yale ya kuvalia shambani, pamoja na nyimbo zao za mchakamchaka. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Kinshasa lugha hiyo ilipofika ilisikika kama ya wavamizi. Kindu ilisikika kama ya nyumbani, na kwa wiki kadhaa hilo lilitosha. Jeshi la Mobutu likaondoka kama lilivyoondoka lile la 1964, ila safari hii likipora kwanza.

Vita vya pili vilianza Agosti 1998, na Oktoba waasi wa RCD, wakisaidiwa na Rwanda, waliichukua Kindu. Mji ulio na mitaa ya Kasuku na Mikelenge upande mmoja wa mto, na Alunguli upande wa pili bila daraja, ukawa kisiwa. Msituni walikuwapo wanamgambo walioitwa Mai-Mai, na ndiyo, majani yalikuwa yamerudi, na wembe, na maji, na masharti. Wanawake waliotoka kwenda shamba walikutana na pande zote mbili na kuteswa na zote mbili. Mihogo ilioza mashambani huku watu wa mjini wakishinda njaa kilomita chache tu kutoka kwenye mazao yao wenyewe. Umoja wa Mataifa ukarudi na kuweka kambi Kindu, safari hii ukiwa na ofisi ya kuandika ripoti za yote hayo.

Amani iliyotiwa saini mwaka 2002 na 2003 iliwataka Mai-Mai watoke. Mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani au kuwaingiza kwenye jeshi jipya ulianza mwaka 2004, na aliyekuja kujiandikisha kwa kawaida alitakiwa aje na silaha ya moto mkononi ili atambuliwe kuwa alipigana. Katika makundi ya Mai-Mai bunduki hazikuwahi kuwatosha wote. Walikuwapo waliokwenda vitani na mkuki, waliobeba ndoo ya maji ya mganga, watoto waliotangulia wakiimba, wanawake waliopika kwa kufuata masharti ya dawa na waganga wenyewe. Hao walifika kwenye meza ya karani wakiwa na chale zao kama ushahidi, na karani, akiwa na fomu isiyo na mahali pa kuandika chale, aliwaambia wakae pembeni waliokuja na bunduki wapite.